Nani Anayakata Majani ya Bustani

Ukishuka kwenye lami pale Ramisi, ukayapita matrela ya miwa yanayosubiri zamu, utaliona banda la baiskeli ambalo limefungwa tangu fundi wake ahamie Ukunda, na mbele ya banda hilo utaliona benchi. Benchi lenyewe ni ubao wa ubavu wa trela kuukuu uliolazwa juu ya rimu mbili. Katikati umelegea, kwa hiyo wakikaa watu wanne, wawili wa kati hubanana mabega watake wasitake. Abdulbasit huweka hapo dele lake la kahawa kila asubuhi, na sahani ya kashata iliyofunikwa kwa gazeti, na tangu saa tatu mpaka jua linapofika miguuni pa wakaaji hapabakii jambo la nchi hii ambalo halijapatiwa ufumbuzi.

Alhamisi hiyo Fondo alifika wenzake wameshakunywa kikombe cha kwanza. Akaamkia, akaiweka fimbo yake chini, akakaa kwenye ncha ambako ubao haukulegea. Fondo alikuwa mlinzi wa miwa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vitalu vya wakulima na kuwakamata ng'ombe na mbuzi wanaoingia kula, na mwaka wa sita sasa aliifanya bila kumwonea mtu haya, hata watu wakalisahau jina lake wakamwita Fimbo. Aliwahi kumkamata hata ng'ombe wa shemeji yake. Alimfunga hata mbuzi wa Nahodha, rafiki yake wa benchi hilihili, siku tatu nyuma ya ofisi ya wakulima mpaka mwenyewe akaja kuomba radhi mbele ya watu.

Wasichokijua wenzake ni kwamba Fimbo mwenyewe alikuwa na ng'ombe. Jike mwekundu, jina lake Vuli, wa mwisho katika zizi la marehemu baba yake kule Mkongani. Ukame ulipowamaliza wengine, Fondo alimswaga kwa miguu siku mbili mpaka Ramisi, akamwingiza kwenye bustani ya umma iliyo kando ya mto, akajiambia ni kwa wiki moja tu. Wiki hiyo ilikuwa imeingia mwaka wa pili. Sasa Vuli alikuwa na mimba ya dume la wafugaji waliopita kunywesha mtoni, kiwele kimejaa, siku zake zinahesabika. Kumrudisha Mkongani hakungewezekana, tumbo lile halina safari. Kumpeleka nyumbani ndiyo kabisa, maana nyumba ya Fondo ilizungukwa na miwa pande zote nne, miwa anayoilinda yeye.

Kwa hiyo alipoiona barua mkononi mwa Kibwana, na muhuri wa kaunti juu yake, alikiweka kikombe chini kabla hajakinywa.

Kibwana alikuwa amegombea kiti cha wadi mara tatu na kuangushwa mara tatu, lakini jina la Mheshimiwa lilikuwa limeshamganda. Alivaa miwani, akaishika barua mbali na uso kama anayesomea umati.

— Bustani ya umma ya Ramisi, ekari kumi na nne, isimamiwe na wenyeji. Wenyeji watoe jina la msimamizi. Afisa atakuja kulichukua leo saa tano. Wasipotoa jina, alisoma Kibwana, akanyanyua kidole, bustani itasimamiwa kutoka mbali.

— Mbali wapi? aliuliza Nahodha.

— Haikuandikwa.

— Basi ni Diani, kwenye mahoteli. Mimi nawajua. Wataanza na uzio. Ndani ya uzio wataweka kiti cha kulalia, na juu ya kiti watamweka mzungu. Na sisi tutakuwa tukienda kumchungulia mzungu ambaye amelala kwenye bustani yetu!

Huyo Nahodha jina lake ni Abubakar, na chombo chake ni mashua yenye mashine ya kuwapeleka wageni kisiwani Funzi. Mwezi ule wageni walikuwa wachache, ndiyo maana benchi lilimpata kila siku.

— Haiwezekani, alisema Abdulbasit, akimimina. Lazima jina litoke hapa. Na litoke kabla ya saa tano, kwa sababu saa tano na nusu mimi nakwenda kwa Muhsina kuchukua mahamri.

— Ni jambo jepesi, alisema Kibwana. Iundwe kamati.

Fondo alijisogeza karibu. Kamati! Alikuwa mwanachama wa kamati ya kisima iliyokaa miaka minne bila kukiona kisima.

— Hapo umesema, Mheshimiwa, alidakia. Kamati ya watu wangapi?

— Ishirini na mmoja.

— Wachache hao. Tia arobaini.

Kibwana akamtazama kwa mapenzi makubwa. Tangu waanze kunywa kahawa pamoja, hakuwahi kuungwa mkono kwa haraka namna ile.

— Arobaini, alirudia taratibu. Kisha kamati ndogo. Ya miti. Ya majani. Ya mto, ukingo wa huku na ukingo wa kule.

— Na kamati ya kuchagua siku ya kikao, alisaidia Fondo.

— Wallahi nyinyi mmerukwa na akili, alisema Nahodha. Watu arobaini wakiingia mle watakanyaga kila kitu, hiyo bustani itabaki vumbi. Sikizeni. Mimi nimekaa baharini miaka ishirini na tano. Kwenye chombo hakuna kamati. Nahodha akisema geuza, tanga linageuzwa. Bustani yataka mtu mmoja. Mtu anayeamka alfajiri, anaianza huku mtoni, anaitembea mpaka kule barabarani, anatazama kila mti, anatazama nyuma ya kila kichaka...

— Mtu kama nani? aliuliza Abdulbasit.

— Mimi sikujitaja. Lakini mkinitaja sitakataa.

Fondo akaona picha nzima: Nahodha anainama nyuma ya kichaka cha mkoche na kukutana uso kwa uso na Vuli.

— Haiwezekani, alisema kwa sauti iliyomshtua hata yeye.

— Kwa nini haiwezekani?

— Kwa sababu... wewe ni mtu wa majini, Nahodha. Bustani iko nchi kavu. Wageni wakirudi msimu ujao utakuwa Funzi juma zima, na bustani itabaki haina mwenyewe. Tutaonekanaje mbele ya kaunti? Tumetoa jina, na jina lenyewe liko baharini.

Abdulbasit akatikisa kichwa kukubali.

— Fimbo hapo amenena kweli.

— Kweli gani? Nahodha alifoka. Mtu huyuhuyu alimkamata mbuzi wangu...

— Mbuzi tumeshamzungumza, alisema Kibwana. Mbuzi amefungwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Wakati huo Harrison akafika, simu mbili mkononi na ya tatu mfukoni. Yeye alikuja kutoka Thika miaka minane iliyopita kuuza kadi za simu, na kadi zilipokwisha kuwa na maana akageukia bando na vifuniko vya simu, ndipo akaitwa Bando. Alijisogeza katikati ya benchi, ubao ukalia, mabega yakabanana.

— Mazee, hii story ya bustani nimeisikia huko stendi. Mnasumbuka bure. Siku hizi kitu haisimamiwi na mtu, inasimamiwa na simu.

— Ehe, alisema Abdulbasit, akimpa kikombe. Simu itafyeka majani?

— Buda, sikiza kwanza. Tunaweka kamera. Moja kwa kila mti mkubwa. Mimi nakaa kwa duka yangu, naangalia ekari zote kwa kioo. Nani ameingia, nani ametoka, nani amefanya nini. Hata mnyama akipita, inapiga kengele. Mchana na usiku.

— Hata usiku? aliuliza Fondo.

— Usiku ndiyo inaona poa zaidi.

Fondo alitafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo mlangoni na mvua inanyesha. Akalipata.

— Na kina mama je?

— Kina mama wamefanya nini?

— Kina mama wanapita njia ile ya bustani wakirudi shambani. Mtu hubanwa na haja njiani. Sasa mke wa mtu, mama wa mtu, amejisitiri nyuma ya mti kwa heshima zake, na juu ya mti kuna jicho la Harrison!

— Astaghfirullah, alisema Abdulbasit, akaliweka dele chini.

— Hapana, hapana, kamera haitaangalia hiyo...

— Itaangalia nini basi? Imewekwa kuangalia! Nahodha sasa alisimama. Mke wangu hupita pale!

— Stara ya watu ni jambo kubwa, alisema Kibwana, akiikunja barua. Hoja ya kamera imeanguka. Fimbo, umetuokoa na aibu.

Harrison akanywa kahawa kwa hasira akaungua ulimi. Na Fondo, ambaye hakutaka lolote zaidi ya wiki moja ya kimya kwa ajili ya ng'ombe wake, alianza kuona macho ya wenzake yakimwangalia kwa namna ambayo hakuizoea. Lilikuwa jicho la heshima, nalo lilimtia hofu.

— Basi iwe wakfu, alisema Abdulbasit. Kitu kikishakuwa cha Mwenyezi Mungu hakuna wa kukigombania. Imamu wetu atakisimamia.

— Na sisi wa kanisa? aliuliza Harrison.

— Mtapewa Jumapili.

— Jumapili peke yake? Na nyinyi?

— Ijumaa bila shaka. Na Alhamisi, kwa maandalizi. Na Jumamosi, kufagia tulichokiandaa.

— Basi sisi tuchukue Jumatatu, kufagia ya Jumapili.

— Jumanne na Jumatano zabaki hazina dini, alisema Kibwana, ambaye alikuwa akiandika.

— Hizo ni za nyani, alisema Nahodha.

Watu wakacheka, lakini Nahodha hakucheka. Aliketi, akauweka mkono juu ya goti.

— Mwacheka nini? Mimi nasema kwa akili zangu timamu. Nyani wako mle tangu mimi sijatahiriwa. Wana mkubwa wao. Wana walinzi juu ya miti, huku wawili, kule wawili, na wanabadilishana zamu. Kampuni ngapi za sukari zimekuja Ramisi zikaondoka? Wao wapo. Na niambieni, mti gani umekatwa mle? Hakuna! Kwa sababu mwenye shoka akiingia hupigwa makoche ya kichwa, na koche ni gumu kama jiwe. Msimamizi gani wa kaunti ataweza hivyo?

— Enyewe, alisema Harrison, akisahau ulimi wake. Na kuna sheria, mazee. Ukikaa kwa shamba miaka kumi na mbili na hakuna mtu amekutoa, hiyo shamba ni yako. Hao nyani wanangoja tu hati miliki.

— Ardhi ya umma haina hesabu hiyo! alipiga kelele Kibwana.

— Waambie nyani.

Fondo, kwa siri, alikuwa akihesabu. Vuli alikuwa kwenye mwaka wa pili mle, bado kumi. Halafu akafikiri: nyani hawajawahi kumsumbua. Hulala naye kivuli kimoja. Nyani humchambua kupe masikioni.

— Mimi nawaunga mkono nyani, alisema.

Alisema kwa moyo wake wote. Lakini benchi liliangua kicheko kikubwa, Nahodha akampiga mgongoni, Kibwana akavua miwani akafuta machozi.

— Umetupiga, Fimbo! Umetupiga sote! alisema Kibwana. Waheshimiwa wazima tunabishana, mtu mmoja anakaa kimya, kisha anatuambia afadhali nyani. Hilo ndilo neno la leo.

— Huyu jamaa hana upande, alisema Harrison. Mmeona? Amekataa Nahodha, amekataa mimi, na sisi ni marafiki zake.

— Na kwenye mifugo ndiyo usiseme, aliongeza Abdulbasit. Bustani yataka mtu ambaye hata ng'ombe wa shemeji yake hampiti. Kwani tunatafuta nini? Si ni Fimbo mwenyewe?

Fondo alisimama, akakaa, akasimama tena.

— Mimi siwezi.

— Unyenyekevu huo ndio unaotakiwa, alisema Kibwana. Ingawa sauti yake ilikuwa na jeraha kidogo, maana alikuwa amekwishajiandaa kulazimishwa yeye. Wanaokubali?

Mikono mitatu ikapanda. Wa Nahodha ulichelewa, ukapanda nusu, ukabaki hapo.

Bodaboda ikasimama mbele ya benchi. Akashuka mwanamke kijana, faili ndani ya mfuko wa plastiki, vumbi jekundu la Kinango bado liko kwenye viatu vyake.

— Shikamooni, wazee. Naitwa Cynthia, nimetoka kaunti. Nimewahi, mtaniwia radhi. Nimeambiwa jina litakuwa hapa.

— Marahaba, mwanangu, karibu, alisema Abdulbasit, na kikombe kikawa mkononi mwake kabla hajaketi. Jina lipo. Ndiye yule aliyesimama.

— Hongera, mzee.

— Asante, alisema Fondo, kwa sauti ya mtu anayepewa pole.

Cynthia akatoa fomu, akaiweka juu ya faili.

— Kabla sijaandika jina, kuna ukurasa wa hali ya bustani. Mambo madogo tu, yeyote anaweza kujibu. Lile daraja la miti juu ya mfereji, bado lapitika?

Kibwana akakohoa. Nahodha akautazama mti wa ng'ambo ya barabara. Harrison akaifungua simu kana kwamba daraja limo ndani yake.

— Daraja... lipo, alisema Kibwana.

— Lapitika?

— Limepoteza mbao mbili upande wa kushoto, alisema Fondo. Alitaka kunyamaza, lakini alishindwa kusikia jambo analolijua likiulizwa hivi hivi. Ukipita kulia hudondoki.

— Vizuri. Na bomba la maji?

Harrison akaipekua simu tena.

— Lavuja shingoni, alisema Fondo. Nimelifunga kwa mpira wa baiskeli. Maji yatoka asubuhi, adhuhuri yakatika.

— Choo?

— Kina mlango. Hakina bawaba. Mlango umeegeshwa.

Benchi zima likamgeukia. Cynthia aliandika haraka, uso umemchangamka. Pengine kote alikopita juma lile hakuwa amepata mtu wa kumjibu hivi.

— Na majani, mzee? Yamefika wapi? Vijiji vingine nimekuta yamefika kiunoni, nyoka tupu.

— Aa, hapana, alisema Fondo kwa fahari iliyomponyoka. Mafupi. Yamelala kama zulia, kuanzia mtoni mpaka kwenye mikoche.

Kalamu ya Cynthia ikasimama.

— Mafupi? Lakini hakuna bajeti ya kufyeka. Nani anayakata?

Matrela ya miwa yalipita mawili, moja nyuma ya jingine, na vumbi likatua. Kibwana alimtazama Abdulbasit. Abdulbasit alilitazama dele. Fondo aliwatazama wote, akaona kwamba akinyamaza kidogo tu swali litapita, Kibwana atalisema neno lolote, fomu itajazwa. Lakini mtoto wa watu alikuwa ameishika kalamu na anamngoja yeye kwa adabu, na Fondo alikuwa mtu aliyezoea kuwauliza wengine swali kama lile, fimbo mkononi, na kuwaona wakitafuta uongo. Hakujua kama uso wake ulikuwa na sura ile sasa.

— Ng'ombe, alisema.

— Ng'ombe wa nani?

— Wangu.

Nahodha akakiweka kikombe chini.

— Wako, alisema. Wewe. Una ng'ombe.

— Mmoja.

— Tangu lini?

— Mwaka wa pili.

— Mwaka wa pili! Nahodha aliinuka, na ubao wa benchi ukaruka na kumtupa Harrison upande. Mbuzi wangu aliramba majani ya muwa, majani, si muwa, ukamfunga siku tatu! Nikaja kuomba radhi mbele ya wanawake wa sokoni! Na wewe una zizi kwenye bustani ya umma, na umekaa hapa unatupigia hotuba ya stara!

— Vuli hajawahi kuonja muwa hata mmoja, alisema Fondo, na mpaka hapo alikuwa na haki. Lakini akaona haki hiyo ni ndogo sana. Akaiokota fimbo yake, akaiweka mapajani, akaitazama. Ni ng'ombe wa mwisho wa baba, alisema. Nilisema wiki moja. Kisha mvua haikuja, kisha ilikuja na nikaona amenenepa, nikasema mwezi. Sasa ana mimba, hawezi kwenda mbali. Nahodha, niwie radhi. Si kwa ng'ombe peke yake. Kwa mbuzi wako pia. Siku moja ilitosha, hizo mbili nilizidisha kwa sababu nilikuwa na hofu nisije nikaonekana nina huruma.

Nahodha alibaki amesimama. Alikuwa ameyangoja maneno hayo miezi minane, na alikuwa amejiandalia majibu mengi, lakini yote yalikuwa ya kumjibu mtu anayekataa kuomba radhi.

— Haya, alisema, akakaa. Haya basi. Mwenyezi Mungu amsalimishe azae salama.

— Amin, alisema Abdulbasit.

Cynthia aliifunga kalamu, akaifungua.

— Mzee, kanuni hazina ugumu. Mifugo hairuhusiwi ndani. Msimamizi ndiye anayetakiwa kuitoa.

— Najua.

— Barua ya uteuzi itatoka Jumatatu. Kuanzia Jumatatu, nikija, nisimkute.

— Jumatatu pengine atakuwa anazaa, alisema Fondo polepole. Andika jina jingine, mwanangu. Mheshimiwa huyu hapa amegombea mara tatu, hii ni zamu yake.

Watu wote wakamwangalia Kibwana. Ilikuwa nafasi yake, safi, haina mpinzani, ya kwanza maishani mwake. Kibwana alivaa miwani, akavua, akasafisha kioo ambacho hakikuwa na uchafu.

— Mimi, alisema, sikujua kama choo kina mlango.

Halafu akanyoosha mgongo.

— Nina kiwanja mkabala na bustani, hatua mia mbili hazifiki. Nilikijengea ukuta kiwe ofisi ya kampeni. Ukuta upo, lango lipo, paa sikujaaliwa. Ng'ombe akae humo. Hatua mia mbili atazimudu, hata na tumbo lake.

— Mheshimiwa amepata mfuasi wa kwanza, alisema Harrison.

— Na huyo hatahama chama, alisema Nahodha, na sasa alicheka, na Fondo akacheka, ingawa alilazimika kujifuta uso kwa kiganja.

Cynthia akaandika: Fondo Menza, msimamizi. Akapuliza wino. Kisha, akiwa anairudisha fomu kwenye mfuko, akauliza kama mtu anayeuliza njia tu:

— Lakini nyinyi wengine, samahani, mbona hamwingii? Ni bustani yenu, ni karibu hivi. Kwa nini hamwendi?

— Sisi... alianza Kibwana.

— Unajua shughuli... alisema Harrison.

Abdulbasit aliliinamisha dele amwongezee mgeni kahawa apate kulisahau swali, lakini yakatoka matope ya kahawa tu. Nahodha aliyaangalia yale matope kwenye kikombe.

— Nilikwenda nikiwa mdogo, alisema mwisho. Tulikuwa tukila makoche. Kisha sijui.

Ndipo Fondo akasema haya twendeni, afisa apaone, na hakuna aliyepata sababu ya kukataa. Abdulbasit alilisukuma dele chini ya benchi, akasema mahamri yatangoja. Walifuata njia ya matrela, kisha ya miguu, Kibwana na Nahodha wakibishana kama lango liko upande wa mto au wa barabara, mpaka walipolifikia, nguzo mbili zisizo na lango lolote katikati yake. Ndani kulikuwa na kivuli. Majani yalikuwa mafupi kweli, kijani kibichi, yamelala mpaka kwenye mikoche, na juu ya tawi nyani mmoja mkubwa aliwaangalia kama wamekuja bila miadi. Wote walisimama.

Nahodha alimaliza kashata aliyokuja nayo, akakunja kile kipande cha gazeti, akakitupa kwenye majani.

— Okota, alisema Fondo.

Sauti ilimtoka kabla hajaiita. Ilikuwa ileile ya kwenye miwa, lakini haikuwa na fimbo ndani yake. Nahodha alimgeukia. Harrison aliishusha simu. Cynthia alilitazama faili lake.

— Jumatatu haijafika, hujawa msimamizi bado, alisema Nahodha.

— Najua. Okota, ndugu yangu.

Nahodha alimtazama kitambo. Kisha akainama, magoti yakimlia, akakiokota kipande cha gazeti kwenye majani yale mafupi, akakitia mfukoni, akatangulia kuingia.